Ng'ombe wa Kulia

Benchi la mbele katika darasa la jioni pale Bunda lilikuwa la Mzee Silasi Kwangu. Hakuna aliyempangia. Alikuwa wa kwanza kufika kila siku, saa kumi na moja kasoro robo, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya akiba. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Darasa la nne alilisoma kwao Buswahili. La saba alilimalizia kwenye masomo ya jioni, enzi hizo akiwa kibarua wa kiwanda cha kuchambua pamba. Sasa alikuwa anautafuta mtihani wa kidato cha nne kama mtu anayemtafuta mbuzi wake aliyepotea: haraka hana, lakini kurudi nyumbani mikono mitupu hataki.

Jumatatu hiyo alifika amenuna. Asubuhi alikuwa amepigiwa simu na shemeji yake Gaudensia, mke wa mdogo wake Baltazari.

“Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba. Kwema huko?”

“Kwema. Nakupa taarifa, Jumamosi tunajengea kaburi la baba mkwe. Saruji imefika. Fundi tumempata kutoka Kiriba.”

“Jambo zuri.”

“Sasa jiwe la kwanza, shemeji, si unajua ni la mtoto wa kwanza? Mdogo wako amesema usipokuja hajengi mtu. Fundi atarudi kwao na saruji itagandia stoo.”

“Na lile neno amelifuta?”

Kwenye simu alisikika jogoo, kisha mtoto akilia.

“Shemeji, kaburi lina miaka ishirini na saba. Mbuzi wanapanda juu yake, wanakula majani.”

“Mwambie alifute kwanza. Neno lilitoka kinywani mwake, si mwangu.”

Akakata simu. Na neno lenyewe, kwa msomaji asiye wa Mara, nalisema wazi: Baltazari alikuwa amemwita kaka yake mwizi wa ng'ombe. Alimwita hivyo mbele ya watu, matanga ya baba yao yakiwa hayajaisha. Mahali pengine labda ni tusi kama matusi mengine. Huku mtu anaweza kuitwa mlevi, mchawi au mvivu, akacheka, akaenda kuoga. Akiitwa mwizi wa ng'ombe, hata watoto wake huulizwa shuleni.

Basi Silasi hakukanyaga tena Buswahili. Alingoja neno lifutwe, na miaka ikapita juu yake kama inavyopita juu ya kaburi.

*

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, jina lake Prudence. Aliingia na karatasi alizochapa mwenyewe, akagawa.

“Leo tunasoma hadithi fupi. Msiulize mwandishi ni nani, nimeitunga mimi. Vitabu havitoshi, na mtihani haungoji vitabu.”

Hadithi ilikuwa ya kurasa mbili. Mzee mmoja anakufa, anaacha watoto wawili wa kiume, ng'ombe wawili wa kulimia, plau moja na nira moja. Vijana wanagombana kila siku ni nani alime kwanza. Mwishowe wanagawana: kila mmoja ng'ombe mmoja. Nira, ule mti unaolazwa shingoni mwa ng'ombe wawili ili wavute pamoja, wanaukata katikati kwa msumeno. Kila ndugu ananunua ng'ombe mwingine, anachonga nira yake mpya, na mwaka huo mashamba yote mawili yanastawi. Ndugu wanasalimiana kwa furaha kutoka mbali, kila mtu kwenye mpaka wake.

Prudence akaandika ubaoni: *Hakiki uhusiano wa ndugu hawa wawili. Eleza nira ni ishara ya nini. Kusanya Alhamisi.*

“Tujaribu kwa mdomo kwanza. Nira ni ishara ya nini? Makongoro?”

Makongoro alikuwa dereva wa bodaboda, aliyekuja darasani na jaketi lake hata wakati wa joto. “Mateso, mwalimu. Mtu akifungwa nira amekwisha.”

“Vizuri. Ni mzigo wa ukoo. Walipoikata wakawa huru, kila mmoja akaendelea.”

Mzee Silasi alikuwa ameinua mkono tangu zamani, kidole kimoja juu, kama walivyofundishwa enzi zao.

“Mwalimu, kwa heshima zote, hadithi hii ina kosa.”

Darasa likaguna. Makongoro akasema, “Haya, mzee anamsahihisha mtunzi!”

“Kosa gani, Mzee Silasi?”

“Hawa ng'ombe hawakuweza kulima. Ng'ombe akifundishwa plau anafundishwa na upande wake. Wa kulia anatembea ndani ya mtaro, pale plau ilipopita. Wa kushoto anatembea juu, kwenye ardhi ngumu. Wamezoea hivyo toka ndama. Ukimchukua wa kulia ukaenda kununua mwingine, nao wakakutana wote wa kulia, utakoma! Kila mmoja anautafuta mtaro. Watasukumana, watazunguka, watakuvunjia plau. Na ng'ombe mzima hafundishwi upande mwingine. Hajifunzi.”

“Si anunue wa kushoto?” akauliza Makongoro.

“Nani atakuuzia wa kushoto peke yake, mwezi wa kulima? Wa kulia wake atamfanyia nini?”

Watu wakacheka, lakini kwa kukubali. Prudence naye alitabasamu. Alikuwa mtu wa mjini Musoma, nyumbani kwao karibu na soko la Mwigobero. Samaki aliwajua kwa majina yao yote, ila plau hakuwahi kuishika.

“Asante, mzee. Hilo sikulijua. Sasa niambie, wewe umelijuaje? Kuna mtu aliwahi kugawana ng'ombe hivyo?”

Kalamu ya Mzee Silasi ilimdondoka. Akainama kuiokota, akachukua muda mrefu kuliko kalamu ilivyostahili.

“Nilisikiaga tu,” alisema.

*

Hakuwa amesikia. Alikuwa amefanya.

Baba yao alipofariki, ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na saba, kabla ya zile mvua kubwa zilizosomba mashamba. Baba aliacha ng'ombe wawili wa plau, Meja na Sajini. Meja wa kulia, Sajini wa kushoto. Silasi wakati huo alikuwa na kazi kiwandani, na shamba la pamba alilopata nje ya Bunda. Kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, akachagua wa kulia, maana mkono wa kulia ni wa mkubwa. Alichukua pia plau. Baltazari akabaki na Sajini na nira. Silasi akaona amefanya haki tupu: ng'ombe kwa ng'ombe, chombo kwa chombo. Akamswaga Meja siku mbili kwa miguu mpaka Bunda.

Kilichotokea Bunda hakukisimulia kwa mtu isipokuwa mke wake Consolata, na huyo alikiona kwa macho. Alinunua ng'ombe mwingine, dume zuri, naye akawa wa kulia. Walizungushana shambani asubuhi nzima mpaka majirani wakaja kutazama kama mpira. Meja alikuwa akiutafuta mtaro ambao haujalimwa bado. Akishindwa, anasimama, anageuza kichwa kushoto, anatazama mahali pasipo na mwenzake. Mwezi wa pili Silasi alimpeleka buchani.

Sasa jioni ya Jumatano alikaa mezani na daftari lake, jua likiwa bado dirishani. Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alipiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja akaandika *Ndugu mkubwa*, upande wa pili *Ndugu mdogo*. Upande wa mkubwa ukajaa upesi: *Ni mwenye haki. Amegawa sawa kwa sawa. Ana mipango ya maendeleo. Ametukanwa bila kosa.* Sentensi ya mwisho haikuwemo kwenye hadithi ya mwalimu. Aliitazama, akaifuta kwa ufutio mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Upande wa mdogo aliandika: *Alipata ng'ombe wa kushoto.* Kisha kalamu ikasimama.

“Consolata,” aliita, “huyu mdogo mtu, akishapewa ng'ombe mmoja wa kushoto, analimaje?”

Consolata alikuwa anachambua mchele. “Mdogo yupi?”

“Wa kwenye hadithi.”

“Wa kwenye hadithi muulize mwalimu,” alisema bila kuinua macho. “Ukitaka wa kwako, barabara ya Buswahili haijafungwa.”

“Wewe mwanamke, nakuuliza jambo la masomo.”

“Na mimi nakujibu la masomo. Miaka yote hiyo unasema, mimi nilifanya haki, mimi nilifanya haki. Umewahi kumuuliza mtu alilimaje mwaka ule?”

Silasi alishusha macho kwenye daftari. Ukweli ni kwamba swali lenyewe halikuwahi kumpitia kichwani. Aliposhindwa na Meja alijiona yeye ndiye aliyepata hasara, na hasara ya mtu mwenye kiburi ni siri. Alikuwa amedhani, bila kufikiri, kwamba kule Buswahili mambo yalikwenda. Akilini alimwona Sajini akivuta. Na nani? Hapo picha ilikuwa haina jibu.

*

Alhamisi alikusanya kazi yake, nusu ya ukurasa ikiwa tupu. Yeye, ambaye hakuwahi kuacha swali. Darasa lilipotawanyika Prudence alimwita.

“Mzee Silasi, nimesoma. Mkubwa umemweleza vizuri sana. Mdogo hana hata sentensi mbili.”

“Simjui, mwalimu. Hukumwandika vya kutosha.”

“Ni kweli.” Prudence alikaa kwenye benchi, benchi lile lile la mbele, akavua viatu kidogo maana alikuwa amesimama tangu saa mbili asubuhi katika shule nyingine. “Unajua kwa nini nilisema nira ni mzigo? Mimi nina wadogo wanne. Baba hayupo. Ada yao juu yangu, chakula juu yangu, mpaka sabuni. Nikisikia neno nira nasikia shingo inauma. Nilipokuwa naandika nilitaka mtu mmoja tu aikate aone raha yake ikoje.”

“Pole, mwanangu.”

“Nimeshapoa. Ila Jumatatu uliposema yule wa kulia anautafuta mtaro, nililala nikiwaza. Nikasema, kumbe nikiikata hii yangu, huenda hata kutembea nisijue.” Akacheka kidogo. “Kwa hiyo ishara inaweza kuwa na pande mbili. Kwenye mtihani ziandike zote.”

“Nitaandika.”

“Na huyu mdogo?”

“Wa kwako, mwalimu. Wewe ndiye uliyemtunga.”

“Wangu nimemtunga, ndiyo, na ninaweza kumwongezea maneno hata sasa hivi.” Akamrudishia karatasi. “Wako hukumtunga, mzee. Itabidi umuulize. Nakupa mpaka Jumatatu.”

Silasi alitaka kukana. Badala yake alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, nyuma ya kalamu zake mbili.

*

Jumamosi alipanda gari la asubuhi mpaka Makutano, kisha pikipiki. Kijana wa pikipiki alikuwa na maneno mengi, Silasi hakusikia hata moja. Tangu waache lami alikuwa akijiambia kwamba anakwenda kwa ajili ya masomo. Akifika atasalimia kwa heshima, ataweka jiwe kwa sababu ya baba, atauliza swali, ataondoka. Kulifuta neno lile si kazi yake. Hilo lilikuwa wazi.

Mji wa baba ulikuwa umebadilika. Nyumba ilikuwa na bati. Ua wa zamani wa minyaa ulikuwa umekatwa. Kwenye kaburi, kando ya shamba la mihogo, fundi alikuwa amekwisha kukoroga zege na kusimama mikono kiunoni.

“Ndiye huyu?” fundi aliuliza. “Mzee, shikamoo, karibu, ila zege halijui salamu. Linaganda hili.”

Gaudensia alikuja mbio akijifuta mikono kwa kanga. “Shemeji! Karibu, karibu. Nilijua. Nimeweka na sato jikoni, nilisema mtu akija asikute mboga za majani.” Machozi yalikuwa yanamtoka, huku anazungumzia samaki.

Baltazari alikuwa amekaa kwenye kigogo karibu na ukuta wa jiko. Alikuwa amezeeka. Silasi alishtuka kuona amezeeka kwa sura ya baba yao: masikio yale yale, na namna ile ile ya kuweka fimbo katikati ya magoti. Juu yake, chini ya paa, nira ilikuwa imening'inizwa kwa kamba mbili. Mti ulikuwa umeng'aa mahali pa shingo.

“Umefika,” alisema Baltazari. Hakusimama.

“Nimefika.”

“Karibu.”

“Starehe.”

Fundi alikohoa. Kuku wakapita katikati yao. Silasi alivuta karatasi mfukoni, akaikunjua. Akaishika kwa mikono miwili.

“Baltazari, mimi nasoma. Kidato cha nne.”

“Tumesikia.”

“Tumepewa hadithi ya ndugu wawili waliogawana ng'ombe wa plau. Nimepewa swali, limenishinda. Yule wa kushoto. Sajini. Aliishije?”

Baltazari aliinua uso akatazama nira, kisha akatazama chini.

“Miaka ishirini na saba,” alisema, “ndiyo unakuja kuniuliza habari za Sajini?”

“Ndiyo.”

“Hakuvuta. Nilimfunga peke yake kwenye plau ya kuazima, akatembea hatua tatu, akasimama. Nilimchapa, nikachoka. Tukalima kwa jembe la mkono, mimi na huyu Gaudensia. Tulipata kipande cha hapo mpaka kwenye ule mlima wa mchwa, basi. Kisha mvua ikaja ikasomba yote.” Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma tangazo. “Lakini hayo si kitu, watu wote walilia mwaka ule. Sajini, jioni nikimpeleka mtoni, alikuwaga anatembea pembeni ya njia. Kushoto kabisa, mpaka miiba inamchoma. Anaacha nafasi. Akinywa maji anaacha nafasi. Nikamwambia Gaudensia, huyu anamngoja mwenzake. Aliishi miaka sita. Mpaka anakufa, kulia kwake hakukaa ng'ombe.”

Gaudensia alikuwa amegeukia ukuta.

“Meja nilimpeleka buchani,” alisema Silasi. “Mwezi wa pili. Hakulima hata mtaro mmoja. Nilipata mwenzake wa kulia kama yeye. Nilijua ng'ombe wana upande, Baltazari, baba alitufundisha wote. Nilichagua kama mkubwa, sikuchagua kama mkulima. Nikaona aibu kukwambia.”

“Buchani?”

“Buchani.”

“Meja?” Baltazari alisimama sasa. “Na mimi miaka yote naona umetajirika naye!”

“Hata ngozi sikupata.”

Ajabu ni kwamba Baltazari alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya cha mtu aliyechomwa na mwiba, lakini kilikuwa kicheko. Kilipokwisha alijifuta uso kwa kiganja.

“Lile neno langu,” alisema, “lilinitoka kwa hasira. Wewe si mwizi. Nalifuta, hawa wasikie, na fundi asikie.”

“Nimesikia,” alisema fundi. “Na zege limesikia.”

Hilo ndilo neno alilolingoja Silasi kwa miaka ishirini na saba. Alikuwa amedhani likija atavimba kifua. Badala yake alijiona kama mtu aliyelipwa kitu ambacho si chake, maana mdogo wake alikuwa bado anamtazama, anangoja.

“Kuna jingine?” aliuliza Silasi.

“La kwako. Hulikumbuki?”

“Sikumbuki.”

“Siku ile ya kugawana nilikwambia, kaka, ng'ombe hawa ni wa upande, tuwaache pamoja, tulime kwa zamu, hata kama Bunda ni mbali. Ukasema, ‘Mtu wa darasa la pili atanifundisha mimi kugawa?’” Baltazari aliegemea fimbo yake. “Shule niliiachia darasa la pili, kaka, kwa sababu ng'ombe walihitaji mchungaji na wewe ulikuwa unataka kumaliza la nne.”

Silasi alitazama karatasi yake. Upande wa mkubwa ulikuwa umejaa mwandiko mzuri, wenye herufi za kulala. Upande wa pili, chini ya mstari mmoja, ulikuwa mweupe. Alijaribu kulikumbuka neno lile na hakulikumbuka, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi: jinsi lilivyomtoka kirahisi mpaka halikuacha hata alama mdomoni.

“Na ulijua kugawa kuliko mimi,” alisema mwishowe. “Mtu wa darasa la pili. Nisamehe, mdogo wangu.”

Baltazari hakusema amesamehe. Alisema, “Haya, mwacheni fundi afanye kazi.”

Jiwe la kwanza lilikuwa jiwe kweli, la mlimani, kubwa kama mtungi, na desturi ni mtoto wa kwanza kulishika akiwa kulia mwa kaburi, upande wa kichwa. Mtu mmoja asingeliinua. Fundi alikwisha kuinama kusaidia. Silasi alimzuia kwa mkono, akazunguka kaburi, akaenda kusimama kushoto.

“Si huko kwako,” alisema Baltazari. “Mkubwa ni kulia.”

“Najua.”

“Si wewe uliyesema ng'ombe mzima hafundishwi upande?” Gaudensia aliuliza, maana Consolata, aliyesimuliwa na mumewe mambo ya darasani, alikuwa amekwisha kumpigia simu.

“Ng'ombe ndiyo,” alisema Silasi. “Mimi nipo masomoni.”

Baltazari alisita. Akaweka fimbo chini, akaja akainama upande wa kulia. Vichwa vyao vyeupe vilikaribiana juu ya jiwe mpaka Silasi akasikia pumzi ya mdogo wake, yenye harufu ya tumbaku, kama ya baba.

“Polepole,” alisema Baltazari. “Mgongo wangu mbovu.”

“Na wangu.”

“Basi twende pamoja. Usinikimbie.”

Wakainua.